Kumbukumbu za matengenezo ya kompaundi: daftari au programu? Naomba ushauri

MtotoWaMawe: Wakuu habari za jioni. Tuko kaya 16 kompaundi moja, Buswelu, Mwanza. Vya pamoja ni pampu ya fezi tatu, kW 2.2, inayopandisha maji kwenye simtanki mbili za lita 10,000 juu ya mwamba, jenereta, geti na shimo la maji taka. Kikiharibika kitu ni ugomvi: nani alitengeneza, lini, kwa bei gani? Risiti ziko WhatsApp katikati ya picha za harusi. Kikao ni Jumapili na mimi ndiye katibu. Nisaidieni.

Sato_Kirumba: Programu bando analipa nani? Nunua kauntabuku, kamba, na kalamu ifungwe hiyo kamba.

Koleo_na_Spana: Daftari linatosha, kazi iko kwenye mpangilio. Kila mashine ipe namba na uipake rangi ya mafuta: P1, J1, S1, S2. Kila moja kurasa zake. Juu nakili bamba lote: namba ya mashine, kW, volti, ampia. Chini safu: tarehe, tatizo, kilichofanyika, kifaa kilichotoka, kilichoingia, fundi, gharama, namba ya risiti ya EFD.

"Pampu imetengenezwa" si kumbukumbu. Andika "sili mpya, inavuta ampia 4.6". Kila mwezi pima ampia fezi zote tatu. Zikipanda taratibu, beringi zinakwisha au kuna kitu kinakwama. Zikishuka sana, inavuta hewa, angalia futi valvu, ile ya mwisho wa bomba la kuvuta. Jenereta andika saa za mita, maana oili huhesabiwa kwa saa. Dizeli nyingi ni kila saa 250, ila fuata kitabu chake.

Mama_Nyegezi: Mnaongea pampu, matangi mnaosha lini? Watoto wanakunywa humo! Sugueni, jazeni maji, tieni klorini ya maji ya asilimia 5, lita moja kwa kila lita 1,000. Acheni usiku mzima, mwageni yote, suuzeni. Kila miezi sita, na iandikwe.

Ngosha_77: Nani atashika kalamu? Hilo hujasema.

MtotoWaMawe: Fundi mwenyewe. Yuko karibu, anajua kila kitu.

Ngosha_77: Fundi gani huyo anayejikagua?

MtotoWaMawe: Ni shemeji yangu. Lakini daftari ameshakabidhiwa, na bei zake nafuu. Ukipiga simu saa sita usiku anakuja. Mtaniletea nani mwingine?

Sato_Kirumba: Fisi kakabidhiwa bucha, na funguo juu 😂

Mama_Nyegezi: Undugu na hela za watu havikai mfuko mmoja. Fundi aandike, mkazi mwingine asaini.

MtotoWaMawe: Mnamwonea. Kaleta hesabu zote: kapasita ya pampu mara tatu mwaka huu, 45,000 kila moja.

Koleo_na_Spana: Subiri. Umesema pampu ni ya fezi tatu. Mota ya fezi tatu haina kapasita. Hiyo ni ya fezi moja, kuisaidia mota kuanza kuzunguka.

Ngosha_77: Nilihisi. Uzi wa kutunga huu! Kaya 16, mwamba, shemeji, sasa na kapasita hewa.

MtotoWaMawe: Sijatunga. Labda nimekosea kusoma bamba.

Koleo_na_Spana: Basi zima swichi kuu, soma tena, ufungue boksi. Kuna njia moja ya kuwepo kapasita: mota ya fezi tatu iliyolazimishwa kwenda kwa umeme wa fezi moja. Hapo nguvu hupungua na inachemka.

MtotoWaMawe: Bamba: 400V, fezi 3, ampia 4.8. Waya wa umeme unaoingia ni fezi tatu kamili. Ndani naona kontakta ya kuwashia na ovalodi, ile ya kukata umeme mota ikizidiwa. Kapasita sioni.

Sato_Kirumba: 135,000 imelala wapi basi?

Ngosha_77: Haya, naondoa kauli. Ila kuanzia sasa kifaa kilichotoka kibaki kwenye ndoo, kina namba ya ukurasa. Hakuna kifaa cha zamani, hakuna malipo.

MtotoWaMawe: Nikisema hivyo kwenye kikao nyumbani sitalala. Labda alichanganya na ya geti.

Koleo_na_Spana: Mota ya geti kweli inaweza kuwa na kapasita. Muulize akuonyeshe zile tatu za zamani. Ovalodi imewekwa ngapi?

MtotoWaMawe: Kidude kimeelekezwa kwenye 9.

Koleo_na_Spana: Kirudishe 4.8 kabla hujawasha. Kwenye 9, fezi moja ikikatika mota itaungua na ovalodi inaangalia tu. Ikikata tena kwenye 4.8, usiipandishe, pima ampia, andika P1, ulete hapa.