Filamu ya hologramu inachelewa: niongeze C60, nihamie TNF au niagize PATPD?

Mwanga_Kawempe
Habari za kazi, wakubwa. Nafanya uzamili hapa Kampala, naandika hologramu zinazofutika kwa leza ya heli-neoni ya nm 633. Filamu yangu ina unene wa mikroni 100: polima ya PVK inayopitisha chaji, kromofori ya 7-DCST (molekuli zinazozungushwa na uga wa umeme), ECZ ya kulainisha, na C60 nusu asilimia kwa uzito, ambayo ndiyo sensitaiza, yaani inayosaidia mwanga kuzaa chaji. Nikiipa kV 5 hologramu inatokea, ila kwa uvivu wa kukatisha tamaa. Fedha iliyobaki inatosha jambo moja tu. Mngechagua lipi?

Mkemia_Mbarara
TNF, sensitaiza nyingine, ina sifa zake. Ile filamu ya Meerholz na wenzake ya 1994, iliyopindisha asilimia 86 ya mwanga, ilikuwa na TNF asilimia 1, na mashine ya fotokopi ya IBM ya 1970 ilitegemea PVK na TNF hizohizo. Lakini inashukiwa kuleta saratani. Kama kabati lako la kuvuta mvuke linavuta kwa kubahatisha kama letu, achana nayo. Kazi anayoifanya TNF, yaani kunyakua elektroni ili shimo (nafasi ya elektroni iliyotoka, yenye chaji chanya) libaki likitembea kwenye PVK, C60 anaifanya vilevile. Ukisumbuka kuiyeyusha, tafuta PCBM, ndugu yake anayeyeyuka kirahisi.

Kuongeza C60 pia kuna mpaka. Filamu inakuwa nyeusi zaidi, mwanga unaliwa upande wa mbele, na hata ule uliopindishwa unamezwa kabla ya kutoka. Unalipa mara mbili.

Nnalongo_Optiki
PATPD, polima ya kupitisha chaji badala ya PVK, ndiyo iliyotumika kwenye skrini ya hologramu ya Chuo Kikuu cha Arizona na kampuni ya Nitto Denko, 2008. Mwaka 2010 Blanche na wenzake walifika kubadilisha picha kila sekunde 2, ila kwa leza ya mapigo ya nanosekunde, nm 532, mapigo 50 kwa sekunde. Usilinganishe heli-neoni yako na hiyo, mwanangu.

Faida yake iko hapa: ndani ya PVK, mashimo hunaswa na kromofori yenyewe, kwa hiyo C60 zilizokwisha kubeba elektroni zinazidi kurundikana. Filamu inazidi kuchoka kadiri unavyoimulika. PATPD haina sana ugonjwa huo. Ukiona filamu asubuhi inaandika haraka kuliko ileile baada ya kumulikwa kutwa, jua ndipo tatizo lilipo.

Fundi_Volti
Msimfukuzishe kununua kabla hajajua nini kinachelewa. Kuna hatua tatu: mwanga uzae chaji, chaji zitoke penye mwanga zikakwame gizani, halafu uga wa umeme unaotokea uzungushe molekuli za kromofori. Sensitaiza inagusa hasa ya kwanza.

Kipimo ni cha bure. Weka filamu, ikiwa imeinama, kati ya polaraiza (vichujio vya mwanga) mbili zilizopishana, zikiwa nyuzi 45 na upande wa mwinamo. Pitisha mwale mmoja dhaifu, usiandike hologramu. Washa kV 5 ghafla, tazama kwenye osiloskopu mwanga unaopita. Mstari ukipanda kwa milisekunde, molekuli zako ziko huru. Ukijikokota, zimebanwa, na hata ukimwaga C60 kilo nzima hutasaidika.

Kisha andika hologramu kwa nguvu moja ya leza, halafu maradufu. Muda ukipungua karibu nusu, chaji ndizo zinazokosekana. Usipobadilika, tatizo ni kuzunguka kwa molekuli.

Mwanga_Kawempe
Nimepima. Mstari unaruka juu kidogo, halafu unapanda polepole kwa sekunde kadhaa. Maradufu ya leza haikuleta tofauti ya maana. Halafu kitu cha ajabu: mchana bati likishapata joto na chumba kikawa kama tanuri, filamu ileile inawahi kuliko asubuhi.

Mkemia_Mbarara
Si ajabu hata kidogo. Filamu yako inageuka kutoka ugumu wa kioo kuwa laini kwenye joto lililo juu ya lile la chumba. Asubuhi molekuli zimeganda. Ongeza ECZ, PVK ipungue kidogo. Usizidishe: PVK ndiyo njia ya mashimo, na kromofori ikikosa mahali pa kukaa inajitenga kuwa fuwele. Ukiona ukungu mweupe, hiyo filamu imekwisha. DMNPAA, kromofori ya wale wa 1994, ndiyo iliyosumbua hivyo.

Mpita_Njia_Jinja
Samahani kuingilia. Kwa nini msitumie sahani ya halidi ya fedha? Aina ya PFG-01 inaridhika na mikrojuli 100 hivi kwa sentimita ya mraba.

Nnalongo_Optiki
Hiyo unaiandika mara moja, unaiosha kwa dawa, basi. Yeye anataka kufuta na kuandika tena palepale. Kwa picha ya kudumu uko sahihi kabisa.

Fundi_Volti
Kabla ya kumwaga filamu mpya, jaribu kupandisha volti wakati wa kuandika tu, kisha zishushe. Timu ya 2008 ilifanya hivyo. Uga mkubwa unatenganisha chaji vizuri na kuzungusha molekuli kwa nguvu zaidi. Ila msimu huu wa mvua, unyevu ukiingia pembezoni mwa elektrodi, cheche itatoboa filamu. Ziba kingo kwanza.

Mwanga_Kawempe
Sawa. C60 inabaki ilivyo, naongeza ECZ. Pesa ya PATPD naishika mpaka nione kama filamu mpya nayo inachoka ikimulikwa kutwa. Fundi, kingo nizibe kwa epoksi au silikoni?

Fundi_Volti
Epoksi. Na uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha.