Pikipiki ya zamani inaunguza balbu na kukausha betri

Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki ya zamani, cc 125, volti 12. Nikivuta mafuta taa ya mbele inawaka kupita kiasi, kisha balbu inaungua. Betri inakauka maji na inanuka yai viza. Fundi wa kijiweni ananiambia ninunue betri mpya. Nimegoma kwanza.

— Umefanya vyema. Hata hiyo mpya ingechemka vilevile. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye vichwa vya betri, injini ikiwaka, uvute mafuta kiasi. Ikisoma 13.5 hadi 14.5, chaji iko sawa. Ikipita 15, ishuku rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoenda kwenye betri. Haizuii tena umeme wa koili inayozalisha umeme kwenye injini.

— Ila msimkimbize dukani! Rektifaya inategemea waya wa ethi. Pale unapofungwa kwenye chesisi kutu ni jambo la kawaida. Fungua nati, piga msasa hadi chuma king'ae, upime tena.

— Nimesugua, inasoma 16.2.

— Basi badilisha rektifaya. Nenda na ya zamani mkononi ulinganishe soketi na pini. Betri iongeze maji yaliyokenekwa (distilled water), siyo asidi, na sigara kaa nayo mbali.