Mrejesho: Uvimbe kwenye titi la mke wangu mjamzito
Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu uvimbe kwenye titi la mke wangu, mwenye mimba ya wiki 17 wakati huo, ambao zahanati ilituambia ni maziwa yanayojiandaa tu. Mlisisitiza apigwe altrasaundi na kuchukuliwa kinyama cha kupima, tukafanya hivyo. Jibu lilikuwa saratani.

Nilihofia mno kuambiwa tuchague kati ya mama na mtoto; kumbe daktari alichora miezi tisa kwenye karatasi, akapiga mstari baada ya wiki ya 14, akaeleza kwamba baadhi ya dawa za tibakemikali, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, huweza kutolewa kuanzia hapo, viungo vya mtoto vikiwa vimekwisha kuumbika, ilhali tiba ya mionzi na vidonge vya tamoksifeni, vinavyozuia homoni kuchochea saratani, husubiri hadi mama ajifungue. Mke wangu alipata mizunguko minne ya tibakemikali, ikasimamishwa zaidi ya wiki tatu kabla ya kujifungua ili chembechembe za damu zirudi katika kiwango chake.

Binti yetu alizaliwa wiki ya 37, akiwa na kilo 2.6. Tibakemikali imerejea, kwa hiyo hanyonyeshwi, na hilo linamuumiza mama yake kuliko kunyonyoka kwa nywele. Upasuaji utafuata dozi zikikamilika.