Naomba ushauri: mafunjo yako salama, ndege wake hatarini

Wadau, naandaa chati ya klabu ya mazingira shuleni, hapa Kisumu karibu na kinamasi cha Dunga. Nalinganisha mafunjo, Cyperus papyrus wa familia ya Cyperaceae, na shoro wa mafunjo, Calamonastides gracilirostris, ndege mdogo wa manjano wa familia ya Acrocephalidae. Kwenye orodha ya hali ya viumbe ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, mmea hauhofiwi kutoweka. Ndege ndiye yuko hatarini. Jana mtoto mmoja kaniuliza, "Nyumba ipo, mwenye nyumba anaishaje?" Nikabaki na chaki mkononi. Najua mafunjo yakikatwa huchipua tena, ila shoro huyu anataka yale marefu yaliyosongamana, na kwingine ni nadra kumkuta. Watoto wa gredi ya sita niwaeleze vipi? Na uainishaji nianzie himaya (kundi kubwa, yaani mimea au wanyama), au familia inatosha?