Shoka la kupasulia kuni: nichukue lipi?

Wakuu, naomba ushauri. Niko Njombe, baridi ya Juni imeshika na nyumbani tunapikia kuni. Shoka langu ni la kuangushia miti, bapa jembamba. Nikipiga gogo la mlingoti (mkaratusi) linanasa, kulichomoa ni kazi nyingine. Mti wa mwati mkavu wenye vifundo ndio usiseme. Juzi mpini umevunjika, kichwa kikaruka hadi kwa jirani. Bahati nzuri walioshtuka ni kuku tu.

Mhunzi ananishawishi anifulie shoka la kilo 3, nene kama kabari. Ila mgongo wangu una miaka 52! Nichukue hilo, au nibaki na langu niongeze kabari na nyundo? Mpini mnachonga mti gani? Na mlingoti mnapasua ukiwa mbichi au mkavu?