Naomba ushauri: kozi wa mlango wa mto ananishinda kumpiga picha majira haya ya baridi

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za jioni. Huu mwezi wa pili wa baridi, kila Jumamosi saa nne asubuhi niko kwenye mlango wa mto namsubiri kozi, yule ndege mwindaji. Kuna siku namwona, kuna siku haonekani kabisa. Nikimpata, picha inatoka kivuli cheusi kwenye mawingu meupe. Lenzi yangu ni mm 400, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/800, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) nimeibana kwenye 400 kwa kuogopa chengachenga, yaani vidoadoa kwenye picha. Wiki iliyopita nilimfuata kwa miguu topeni. Sijafika hata nusu, vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani anaowawinda, wote wakaruka na yeye akaenda zake. Iliniuma sana. Nakosea wapi?

Mzee wa Bamvu
Ndugu yangu, anzia kwenye maji. Yakipwa, vitwitwi husambaa tope zima na kozi anaweza kuwinda popote. Yakijaa, hubanana kwenye kipande kidogo cha nchi kavu, na hapo ndipo anapokuja. Saa ya kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa wiki karibu saa sita. Ndiyo maana wewe wa saa nne kila Jumamosi, wiki hii unakuta yamejaa, ijayo yamekupwa. Angalia jedwali la maji, chagua bamvu, yaani maji makubwa, siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Wahi kwa muda wa saa mbili kabla hayajajaa, kaa kimya.

Lenzi Ndefu
Shata 1/2000, usishuke. ISO ipandishe 1600, hata 3200. Chengachenga utazipunguza nyumbani, ila picha iliyotikisika haina dawa. Mbingu nyeupe huidanganya kamera, kwa hiyo ongeza mwanga kwa +1 kwenye kirekebisho cha mwanga cha kamera.

Dada wa Mikokoni
Naomba usirudi topeni, kaka. Siku za baridi ni fupi, na vitwitwi wanahitaji kila dakika ya kula ili wauvuke usiku. Kila unapowarusha unawamalizia nguvu. Halafu mifereji hujaa nyuma yako wakati mbele bado unaona pakavu. Mimi hukaa ndani ya gari, kioo nimeshusha, hita nimezima, maana hewa ya moto ikipita dirishani inaharibu ukali wa picha. Betri ya akiba naiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukirudi nyumbani acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, isije ikaloa.

Mwanzisha uzi
Asanteni mno. Topeni sirudi tena. Na bundi wale wanaopita juu ya nyasi jioni?

Lenzi Ndefu
Hao huruka taratibu, 1/1000 inatosha. Jua likiwa chini, lipe mgongo, na upepo pia kama unaweza. Wakiwinda huelekea upepo unakotoka, kwa hiyo watakujia uso kwa uso.