Naenda Guangzhou kufuata mzigo, hela nibebe vipi?

Binti wa Mchikichini: Habari zenu wakuu. Mwezi ujao naenda Guangzhou kufuata viatu na mikoba, safari yangu ya kwanza nje ya nchi. Mtaji ni dola 7,000. Dada mmoja hapa Kariakoo ananiambia nibebe zote keshi, nizifunge kiunoni ndani ya kanga. Mwingine anasema China ya sasa hata muuza mahindi hataki noti. Kadi ya Visa ninayo. Nimsikilize nani?

Mzee wa Kontena: Kila mmoja kakupa nusu. Kule watu wanalipa kwa simu, Alipay au WeChat. Siku hizi na mgeni anaunganisha kadi yake ya Visa, anajisajili kwa pasipoti. Kwenye Alipay malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato kwa kadi ya nje, yakizidi wanachukua asilimia 3. Chakula na teksi sawa, ila mzigo ukiulipia hivyo utaumia.

Sasa sikiliza: unganisha kadi ukiwa bado Dar. Benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Tanzania, na kama hukuwasha roming haifiki. Mimi nimeshakaa saa nzima mgahawani mtaa wa Xiaobei, kule kule Guangzhou, nimeshiba, sahani tupu mbele yangu, nasubiri Mnigeria nisiyemjua anilipie. Alinilipia, Mungu ambariki.

Kobe Mtaratibu: Kanga kiunoni 😂 Pale kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege utaifungua mbele ya foleni nzima.

Dada Forodha: Acheni kumcheka. Dada, ukiingia China na keshi ya zaidi ya dola 5,000 unatakiwa uitangaze forodha. Kuwa nazo si kosa, kosa ni kupita kimya. Kwa hiyo zote 7,000 mkononi, jaza fomu. Au beba pungufu, nyingine ubaki nazo benki.

Mzee wa Kontena: Na mzigo, kama unatengenezewa kiwandani, wengi huomba asilimia 30 mwanzo. Iliyobaki usitoe mpaka umefungua maboksi ukahesabu. Ukilipa kwa benki, jina la akaunti lifanane na la kampuni kwenye ankara. Ukitumiwa ujumbe kwamba "akaunti imebadilika", usitume hata senti, nenda dukani kwake kwa miguu yako.

Kobe Mtaratibu: Haya, na mimi nichangie la maana. Ukipitia Dubai, mashine ya kadi ikikuuliza ukatwe kwa dirham, hela ya kule, au kwa hela ya kadi yako, bonyeza dirham. Hiyo nyingine wanakupangia bei wao.

Binti wa Mchikichini: Asanteni sana. Leo nimekwenda benki, kumbe kadi yangu ilikuwa imefungwa kwa matumizi ya nje muda wote! Wameifungua, na Alipay imekubali hapa hapa kaunta. Keshi nabeba 4,500.

Kanga naibeba vilevile, ya kujifunika kwenye ndege.